Kupandisha Mto Lot kwa Baiskeli: Mwongozo wa Safari kutoka Aiguillon hadi Figeac

Anayeulizia kuzuru Ufaransa kwa baiskeli huelekezwa kwenye mto Loire: njia ya kilomita 900 hivi, vibao kila kona, majumba ya wafalme, na kiangazi misururu ya waendesha baiskeli. Sina ugomvi na Loire. Lakini kama unachotaka ni mashamba, vijiji vilivyoganda kwenye majabali na barabara ambazo unaweza kupiga pedali kwa muda mrefu bila kupishana na gari, shuka kusini zaidi hadi kwenye mto Lot. Huu unaanzia upande wa Mlima Lozère, unasafiri kuelekea magharibi kwa zaidi ya kilomita 480, kisha unamwaga maji yake kwenye mto Garonne karibu na mji mdogo wa Aiguillon. Hauna papara. Unajipinda na kujipindua mpaka kuna mahali unaendesha kutwa nzima na jioni bado unakiona kilima ulichokiacha asubuhi.

Njia ninayoieleza ina sehemu mbili. Ya kwanza ni njia rasmi yenye vibao vya namba V86, kutoka Aiguillon hadi Cahors, kilomita 160. Ya pili haina urasmi sana: unatoka Cahors ukiufuata Lot, kisha unaingia bonde la kijito chake kiitwacho Célé hadi Figeac, kilomita 80 nyingine hivi. Mtu mwenye afya ya kawaida ataimaliza kwa siku tano. Ukiweza kupata saba, chukua saba.

Kwanza, amua unaelekea wapi: mimi nasema panda mto

Ramani nyingi zitakushawishi ushuke, kwa sababu maji yanashuka. Mteremko wenyewe ni mdogo mno kukusaidia: kati ya Aiguillon na Cahors mto unatofautiana kwa mita 100 hivi tu. Vilima utakavyokutana navyo ni vile ambavyo barabara inavikwea ili kukata mikunjo ya mto, na hivyo vipo hata ukienda upande gani.

Ukipanda unapata faida tatu. Upepo wa eneo hili mara nyingi hutoka magharibi, baharini, kwa hiyo unakusukuma mgongoni. Mwanzo wa safari ni tambarare na miguu inazoea kabla vilima halisi havijaanza. Tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa: mandhari inazidi kuwa nzuri kadiri unavyosonga. Unaanza na bustani za matunda, unaingia mashamba ya mizabibu, halafu majabali ya chokaa yanakubana pande zote mbili. Anayeshuka anaanza na karamu na kumaliza na makombo.

Chagua msimu

Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 35 na zaidi, na bonde lenye kuta za mawe linalihifadhi hadi usiku. Watu wa Pwani watacheka wakisoma hivi, lakini joto kavu la huko pamoja na lami inayowaka si sawa na joto lenye upepo wa bahari. Agosti pia ndio mwezi Wafaransa wote wanachukua likizo, kambi zinajaa na bei zinapanda. Kuanzia Novemba hadi Machi kambi nyingi na baadhi ya hoteli hufungwa kabisa.

Juni ina zawadi yake: jua linazama saa tatu na nusu usiku na zaidi. Aliyezoea giza la saa kumi na mbili na nusu jioni atajikuta hajui ale lini wala alale lini. Tumia mwanga huo vizuri: endesha alfajiri hadi saa tano, pumzika kivulini mchana, kisha malizia kilomita zilizobaki kuanzia saa kumi na moja jioni.

Usafiri, viza na baiskeli

Hapa ndipo watu wengi wanajifunga kamba wenyewe. Njia inaanzia mji mmoja na kuishia mwingine, na maduka ya kukodisha yanataka baiskeli irudi ilipotoka. Suluhisho ni kufanya Toulouse kituo chako. Toulouse ina uwanja wa ndege, ina maduka mengi ya baiskeli, na ina reli pande zote mbili za safari yako. Unapanda treni ya mkoa hadi Agen, unabadilisha, unashuka Aiguillon. Mwisho wa safari kuna treni kutoka Figeac inayorudi moja kwa moja Toulouse kwa saa mbili na nusu hivi. Baiskeli inarudi dukani.

Anayetoka Paris ana treni ya moja kwa moja hadi Cahors kutoka stesheni ya Austerlitz, safari ya saa tano na kitu. Treni hiyo ya masafa marefu inataka ukate tiketi ya baiskeli mapema, kwa euro 10, na nafasi ni chache. Treni za mikoa, zinazoitwa TER, kwa kawaida huchukua baiskeli bila malipo, ila anayefika kwanza ndiye anayepanda. Ijumaa jioni na Jumapili jioni usijaribu bahati yako.

Wanaosafiri kutoka Afrika Mashariki wanahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na sheria inataka yafike angalau siku 15 kabla. Mwenye akili hasubiri siku hizo 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu 2024, na bima ya matibabu inapaswa kugharamia angalau euro 30,000. Isome bima hiyo kuona kama inataja kuendesha baiskeli, kwa sababu nyingine zinaiweka kwenye fungu la michezo na kuiondoa. Safari ya baiskeli inaleta swali moja la ziada kwenye maombi: utalala wapi kila usiku? Weka nafasi kwenye sehemu ambazo unaweza kufuta bila gharama, uziambatanishe kwa mpangilio wa tarehe, na uandike ratiba ya ukurasa mmoja inayoonyesha kila mji.

Baiskeli yenyewe isiwe ya mashindano. Kodisha ile ya safari, yenye tairi za upana wa milimita 35 hadi 40, keria imara nyuma, na gia nyepesi za kutosha. Kabla ya kutoka dukani fanya haya: jaribu breki zote mbili ukienda polepole ili ujue mkono upi unashika gurudumu la mbele, maana nchi hutofautiana, hakikisha kuna taa mbele na nyuma na kengele, ambavyo sheria inavitaka, na utazame valvu ya tyubu. Baiskeli nyingi za Ulaya zina valvu nyembamba yenye kiskrubu kidogo kichwani, na pampu uliyoizoea nyumbani haitaishika. Chukua pampu inayolingana, tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni, na vyuma viwili vya kung'olea tairi.

Mizigo ikae kwenye mifuko ya pembeni ya keria. Begi la mgongoni ni adhabu: jasho, mabega, na uzito unaokuyumbisha kwenye kona. Kama unalala vyumbani, kilo nane zinatosha. Ukibeba hema, jitahidi usizidi kumi na tano.

Sheria za barabarani ambazo zinaweza kukuokoa

Hapa unaendesha kulia, si kushoto. Mtanzania, Mkenya na Mganda wajiambie hivyo kila asubuhi wanapotoka kambini, kwa sababu barabara tupu ya kijijini ndiyo inayorudisha mazoea ya zamani. Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wako nyumbani hapo.

Ya pili inawashangaza hata Waingereza: ndani ya vijiji na miji, pasipokuwa na kibao kinachosema vinginevyo, anayetoka kulia ana haki ya kupita kwanza, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara iliyoonekana kuwa kubwa. Punguza mwendo kwenye kila njia panda. Nje ya miji dereva anatakiwa akuachie nafasi ya mita moja na nusu anapokupita, na wengi wanaiheshimu. Usiku au kwenye ukungu, nje ya maeneo ya mji, kuvaa kizibao kinachoakisi mwanga ni lazima. Helmeti inalazimishwa kwa watoto chini ya miaka 12; mkubwa ana hiari, na mimi nasema vaa. Dharura ni 112.

Jambo la Septemba na kuendelea: msimu wa uwindaji. Jumapili utasikia bunduki msituni na kuona watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa. Nawe vaa rangi kali, na usikate njia za porini siku hiyo.

Siku ya kwanza: Aiguillon hadi Villeneuve-sur-Lot, kilomita 50 hivi

Siku ya kupasha misuli. Kuanzia hapa fuata vibao vya V86. Sehemu kubwa ni barabara ndogo za mashambani zinazotumiwa na wote, na vipande vichache vya njia iliyotengwa. Nchi hii ni ya plamu inayokaushwa ikawa nyeusi na tamu, maarufu kwa jina la mji wa jirani, Agen. Inasimuliwa kwamba watawa wa Clairac, mji wa kwanza wenye sura utakaoupita, ndio waliopandikiza mti huo kwa mara ya kwanza. Granges-sur-Lot kuna jumba la makumbusho la tunda hilo. Nunua mfuko mmoja. Kwa mwendesha baiskeli hakuna chakula cha mfukoni kizuri kuliko hicho, ila usile nusu kilo kwa mkupuo, tumbo litakujibu.

Simama Le Temple-sur-Lot. Mwaka 1875 Joseph Bory Latour-Marliac alianzisha hapo kitalu cha yungiyungi na akafaulu kupata yenye rangi ambayo yanaweza kuvumilia baridi ya Ulaya. Aliyapeleka kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1889, mchoraji Claude Monet akayaona, na baadaye akaagiza kutoka kwake kwa ajili ya bwawa la bustani yake ya Giverny. Yale maua ambayo dunia inayajua kwenye picha yalitoka hapa, kwenye kijiji ambacho watalii wengi wanakipita bila kugeuka. Kitalu bado kipo na hufunguliwa msimu wa joto.

Villeneuve-sur-Lot ni mji ulioanzishwa karne ya 13 na Alphonse de Poitiers, ndugu wa mfalme Louis wa Tisa, ukiwa na mitaa iliyopimwa kwa kamba na uwanja wa soko katikati. Una maduka makubwa na mafundi baiskeli. Kama breki inalia au gia inaruka, irekebishe hapa.

Siku ya pili: hadi Puy-l'Évêque, kilomita 50 nyingine

Vilima vinaanza kusogea. Penne-d'Agenais unauona kwa mbali, kanisa lenye kuba la rangi ya fedha juu ya kilima. Kuupanda ni hiari, na kama siku ina jua kali nakushauri uutazame ukiwa chini kando ya maji, upande wa Saint-Sylvestre.

Fumel ni mji wa viwanda vya chuma vilivyokufa, wala haujifichi. Ila kilomita nane hivi kutoka hapo kuna ngome ya Bonaguil, iliyojengwa upya kwa ukubwa mwishoni mwa karne ya 15 na bwana mmoja mkaidi, Bérenger de Roquefeuil, wakati ngome za namna hiyo zilikuwa zimeanza kupitwa na wakati kwa sababu ya mizinga. Haikushambuliwa kamwe kwa ukali alioutarajia. Kama una nguvu, nenda. Ukiwa umechoka, endelea, kwa sababu kesho na keshokutwa kuna mengi.

Baada ya Fumel unaingia mkoa mwingine wa utawala na mizabibu inatanda. Hii ni nchi ya mvinyo wa Cahors, mweusi kama wino, unaotokana na zabibu za Malbec. Zamani mapipa yalishuka kwa mashua hadi Bordeaux, mpaka reli ilipokuja na kuiua biashara ya mtoni. Mitambo ya kupandishia na kushushia mashua bado utaiona mahali pengi, mingine imekarabatiwa kwa ajili ya boti za starehe. Asiyekunywa hatakosa kitu. Wakulima wengi wanauza pia maji ya zabibu yasiyochachushwa, na hawakasiriki mtu akiomba hayo tu.

Kula, kunywa, kulala

Nayaweka hapa katikati kwa sababu ni siku ya tatu ndipo mtu anapoanza kuyasumbukia.

Saa za Wafaransa wa kijijini hazibembelezwi. Duka la mkate linafunguka mapema, linafunga saa sita au saba mchana, linafunguka tena saa kumi. Jumatatu mengi hayafunguki kabisa, na Jumapili mchana kijiji kizima kinakufa. Mgahawa unahudumia chakula cha mchana kati ya saa sita na saa saba na nusu. Ukifika saa nane utaambiwa jiko limefungwa, na ndivyo lilivyo. Chakula cha siku kilichopangwa, mara nyingi euro 15 hadi 20, ndicho chenye thamani kuliko vyote kwenye orodha. Beba daima akiba ya mlo mmoja: mkate, jibini, matunda.

Jibini la kujaribu ni la maziwa ya mbuzi, dogo, duara kama sarafu nene, liitwalo Rocamadour. Mapishi ya eneo hili yanamzunguka bata, anayepikwa polepole kwenye mafuta yake mwenyewe. Kwa Muislamu, uangalizi ni kwenye supu, soseji na michuzi, ambavyo mara nyingi huwa na nguruwe au mvinyo hata pale orodha isiposema. Uliza wazi, "sans porc, sans alcool", na jibu utapata bila kinyongo. Bucha za halali utazikuta kwenye miji mikubwa, Villeneuve na Cahors. Ukishaingia bonde la Célé, jipikie mwenyewe au tegemea samaki, mayai na jibini.

Maji: bomba la kijijini lenye maneno "eau potable" ni salama, na lenye "non potable" si la kunywa. Usipoliona lolote, tafuta makaburi. Karibu kila makaburi ya Ufaransa yana bomba karibu na lango, kwa ajili ya wanaomwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wanalijua. Ingia kwa heshima, jaza, toka.

Salamu usiisahau. Ukiingia dukani bila kusema "bonjour" umeshaharibu mazungumzo kabla hayajaanza. Kwa aliyelelewa kwenye shikamoo na hodi hili halihitaji maelezo, ila nimeona watu wa kwetu wakiwa ugenini wanaiacha adabu yao kwa kudhani Wazungu hawaijali. Huku wanaijali sana.

Kulala kuna ngazi nne. Kambi za manispaa, nyingi ziko kandokando ya mto, euro 10 hadi 20 kwa mtu mmoja mwenye hema. Nyumba za wasafiri zenye vyumba vya pamoja, kitanda kwa euro 20 au zaidi kidogo. Vyumba kwenye nyumba za watu, pamoja na kifungua kinywa. Halafu hoteli. Tafuta kibandiko cha "Accueil Vélo": maana yake pako ndani ya kilomita tano kutoka njia rasmi, pana mahali salama pa kufungia baiskeli, na wenyeji wanajua haja zako.

Na tahadhari ambayo haimo kwenye vipeperushi: Cahors, Cajarc na Figeac ziko kwenye njia ya mahujaji wa Kikristo wanaotembea kwenda Santiago de Compostela, Hispania. Mei na Septemba, miezi ile ile niliyokusifia, vitanda vya bei nafuu vinajaa nao. Piga simu siku mbili tatu kabla.

Siku ya tatu: hadi Cahors

Hii ndiyo siku ya mikunjo. Kwa mstari ulionyooka Puy-l'Évêque na Cahors haziko mbali, lakini mto hauendi hivyo, nawe utaendesha zaidi ya kilomita 50. Prayssac ina soko Ijumaa asubuhi. Baada yake kuna Albas, juu ya mwamba, na Luzech, ambako mto unazunguka karibu duara kamili na kurudi hadi shingo ya ardhi iliyobaki inakuwa na upana wa mita 100 hivi. Ukitaka kuelewa umbo hilo, funga baiskeli mjini na upande kwa miguu kilima cha Impernal nyuma yake. Kilometa za mwisho kabla ya Cahors zina magari zaidi, usilazimishe mwendo.

Cahors nao umekumbatiwa na mto pande tatu. Uingie kwa daraja la Valentré ikiwezekana, maana halipitishi magari. Ujenzi ulianza mwaka 1308 na ulichukua miaka 70 hivi; minara mitatu bado imesimama. Wenyeji wanasema fundi mkuu, akiona kazi haiishi, alimwahidi shetani roho yake kama atamsaidia. Daraja lilipokaribia kwisha akamtuma shetani achote maji kwa chujio. Shetani alishindwa dau, akalipiza kisasi kwa kung'oa jiwe moja juu ya mnara kila lilipowekwa. Mwaka 1879, wakati wa ukarabati, msanifu Paul Gout aliamua kumaliza ugomvi kwa kuweka pale jiwe lenye sanamu ya kishetani kinachovuta pembe ya mnara. Tazama juu kwenye mnara wa kati.

Pumzika siku nzima hapa kama unayo. Soko la Jumatano na Jumamosi asubuhi, mbele ya kanisa kuu la Saint-Étienne, ndipo mahali pa kununulia akiba ya siku mbili zijazo.

Siku ya nne: majabali

Kutoka Cahors vibao vya V86 vinakwisha, kwa hiyo ramani iwe kwenye simu na ipakuliwe kabla, mtandao bondeni ni wa kubahatisha. Barabara ya ukingo wa kaskazini, kupitia Vers na kisha namba D662, ni rahisi kuifuata lakini ina magari hasa asubuhi. Toka mapema, au Jumapili.

Kufika Bouziès, mto na jabali vinabaki uso kwa uso. Karne ya 19 wachongaji walichimba njia ndani ya ukuta wa jabali ili wanaovuta mashua kwa kamba wapite. Njia hiyo bado ipo, dari la mwamba juu yako, maji chini yako. Ni ya waenda kwa miguu na ni nyembamba: ama uiache baiskeli Bouziès ukatembee, ama uisukume polepole asubuhi kabla watu hawajaja. Usiiendeshe.

Juu yake kuna Saint-Cirq-Lapopie, kijiji kilichokaa mita 100 juu ya mto. Mwaka 2012 kilichaguliwa kwenye televisheni kuwa kijiji kinachopendwa zaidi na Wafaransa, na tangu hapo Agosti hakipitiki. Zamani mafundi wa huko walikuwa wakichonga bomba za mbao za mapipa ya mvinyo. Mshairi André Breton alikuwa na nyumba yake ya kiangazi hapo. Kukipanda kunauma mapaja, ila kifikie kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni na utaelewa kwa nini watu wanasumbuka.

Kuogelea: mto unavutia kwenye joto, lakini juu ya mto kuna mabwawa ya umeme na maji yanaweza kupanda ghafla. Ogelea palipotengwa tu, penye mlinzi.

Lala Cabrerets, kilomita chache ndani ya bonde la Célé, na weka nafasi mapema ya pango la Pech Merle lililo juu ya kijiji. Vijana wawili wa huko walilivumbua mwaka 1922. Ndani kuna farasi wenye madoadoa waliochorwa miaka 29,000 hivi iliyopita, na viganja vya mikono vilivyopulizwa rangi kuzunguka vidole. Ni miongoni mwa mapango machache ambayo bado unaingia kwenye lenyewe, si kwenye nakala, na kwa sababu hiyo idadi ya wageni kwa siku imewekewa kikomo. Ndani ni nyuzi 12 hivi. Aliyepanda kilima kwa jasho bila koti atatetemeka saa nzima.

Siku ya tano: bonde la Célé hadi Figeac, kilomita 40

Kama ningelazimishwa kuchagua siku moja ya safari hii, ningechagua hii. Barabara ni D41, nyembamba, yenye magari machache, inayoshikana na kijito tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Kuna ngome zilizojengwa ndani ya matundu ya majabali, ambazo wenyeji huziita za Waingereza kwa kumbukumbu ya Vita vya Miaka Mia. Marcilhac ina magofu ya abasia ya Wabenedikto yaliyozungukwa na nyumba za watu, unaingia tu. Espagnac-Sainte-Eulalie ina mnara wa kengele wa mbao na matofali, unaofanana na kitu cha kuchezea. Maduka ni haba. Akiba ya Cahors ndiyo itakayokulisha.

Mwenye siku ya ziada na hema alale hapa njiani. Uwanda wa juu wa Causses du Quercy una moja ya anga zenye giza zaidi Ufaransa, na usiku usio na mwezi nyota ni nyingi kuliko unavyotarajia kuziona Ulaya.

Asiyetaka kuufuata Célé ana njia mbadala: abaki kwenye Lot hadi Cajarc. Lakini mwishowe ni lazima atoke bondeni ili afike Figeac, na huo ndio mlima mrefu kuliko yote ya safari hii. Célé inakufikisha kwa upole.

Figeac ndipo alipozaliwa Jean-François Champollion mwaka 1790, mtu aliyefungua siri ya maandishi ya Misri ya kale. Nyuma ya jumba lake la makumbusho kuna ua mdogo, na sakafu yake ni nakala kubwa ya Jiwe la Rosetta, kazi ya msanii Joseph Kosuth ya mwaka 1991. Unatembea juu ya maandishi. Jiwe lenyewe ni graniti nyeusi iliyoletwa kutoka Zimbabwe, jambo ambalo waongozaji hulitaja kwa haraka mno kwa kadiri yangu.

Kurudi

Treni za Figeac kwenda Toulouse ni chache kwa siku, na Jumapili ni chache zaidi. Angalia ratiba kabla ya kupanga siku ya mwisho, na usipange kukamata ya mwisho. Fika stesheni nusu saa kabla, ondoa mifuko kwenye keria ukiwa bado jukwaani, na tafuta behewa lenye alama ya baiskeli. Wakati mwingine kipande cha njia hufanyiwa matengenezo na badala ya treni huletwa basi, ambalo mara nyingi halichukui baiskeli. Kwa hiyo ulizia dirishani siku moja kabla kama ni treni kweli. Ikiwa ni basi, kuna reli nyingine ya kaskazini kupitia Brive, ambako unaweza kuunganisha treni ya kusini hadi Toulouse. Ni mzunguko mrefu, lakini baiskeli itafika dukani siku uliyoahidi.